Kusomea sanaa za ufundi na historia ya sanaa chuo kikuu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wengi wanaojiunga na shahada ya sanaa za ufundi wanakuja na mkono mzuri. Shuleni ndio waliokuwa wakichora mabango ya mahafali na michoro ya baiolojia ya darasa zima. Wakifika chuoni wanakuta ratiba ina pande mbili: studio na historia ya sanaa. Studio wanaipenda, historia wanaivumilia. Wanakariri tarehe usiku wa kuamkia mtihani, wanapata C yao, maisha yanaendelea.

Naandika mwongozo huu kwa sababu naamini hapo ndipo wengi wanapopoteza miaka yao ya chuo. Mchoraji asiyejua kuzitazama kazi za waliomtangulia hubaki akirudia ujanja uleule aliotoka nao nyumbani. Naye anayesoma historia bila kushika penseli huandika juu ya picha kana kwamba zilijichora zenyewe. Zisome pande hizi mbili kama somo moja. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya imani hiyo.

Hatua ya 1: Chagua chuo kwa kwenda kukiona

Afrika Mashariki, Makerere ndiyo yenye historia ndefu zaidi katika fani hii. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala mwaka 1937, na shule inayobeba jina lake bado ipo chuoni hapo. Waliopita pale wamebeba sehemu kubwa ya historia ya sanaa ya ukanda wetu: Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Kilimanjaro, Gregory Maloba na Rosemary Karuga kutoka Kenya, Theresa Musoke wa Uganda mwenyewe. Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za ufundi pamoja na muziki na maigizo. Kenya, angalia Kenyatta na Nairobi. Kama matokeo hayakukuruhusu kuingia shahada moja kwa moja, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ni mlango wa heshima kabisa.

Sifa za kujiunga hubadilika. Kwa Tanzania soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa Kenya ingia kwenye tovuti ya KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo. Usitegemee maneno ya kaka aliyeingia miaka minne iliyopita. Na usikate tamaa kwa kuwa shuleni kwenu somo la sanaa halikuwepo. Shule nyingi hazina. Soma sifa za kila programu kwa makini uone mchepuo wako unakubalika wapi.

Ukiweza, fika. Omba orodha ya kozi za miaka yote. Uliza kama mwanafunzi ana mahali pake pa kudumu pa kuachia kazi isiyokwisha, kama tanuri la vyungu linawashwa kweli au limegeuzwa stoo, kama ile mashine ya kuchapia inafanya kazi. Uliza historia ya sanaa inafundishwa mihula mingapi, na Afrika inapewa nafasi gani humo. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu umuulize swali moja tu: wiki iliyopita ulifanya nini studio? Jibu lake litakueleza mengi kuliko kipeperushi chochote. Bora zaidi, nenda wakati wa maonyesho ya wanaomaliza, utazame kazi zao kwa utulivu.

Hatua ya 2: Andaa potifolio

Vyuo vingine hutaka potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako. Vingine hukupa mtihani wa kuchora, na vingine hutazama matokeo tu. Iandae hata kama hujaombwa, maana utaihitaji baadaye. Kazi kumi hadi kumi na tano nzuri zinatosha, pamoja na daftari la michoro ya kila siku.

Simu imeleta mtindo wa kuchora sura za wanamuziki na viongozi kwa penseli, kutoka kwenye picha, kwa kupiga mistari ya gridi. Kazi hizo zinahitaji subira na zinauzika, wala sizidharau. Lakini anayekupima anataka kujua wewe unaonaje, na picha ya simu imekwisha kukuamulia mwanga, umbali na upande wa kutazamia. Weka moja ukipenda. Zilizobaki ziwe za kuchora kitu kilicho mbele yako: sufuria tatu na kitambaa, mkono wako wa kushoto, mama ntilie akiwa kazini, kwa michoro ya dakika mbili mbili kwa sababu hatakaa kukusubiri. Pindua baiskeli, isimame kwa usukani na kiti, uichore. Hapo utajua kama unaona duara linavyobanwa na upande unaotazamia, au unachora lile duara unalolijua kichwani. Chora pia nafasi tupu zilizo katikati ya fremu. Nafasi hizo hazina jina, kwa hiyo jicho haliwezi kuzidanganya.

Kazi zipige picha nje, kivulini, asubuhi ya saa nne hivi, karatasi ikiwa wima na simu ikiwa sambamba nayo. Usiwashe flashi.

Hatua ya 3: Vifaa, bila kufilisika

Mwaka wa kwanza hutahitaji rangi za bei kubwa. Penseli za 2B, 4B na 6B, ufutio laini, wino mweusi, na karatasi nyingi za bei nafuu. Waulize wenye viwanda vya kuchapa magazeti na vitabu kuhusu mabaki ya karatasi. Mara nyingi huyauza kwa kilo.

Makaa ya kuchorea unaweza kutengeneza mwenyewe. Kata vijiti vyembamba, vilivyonyooka na kukauka vizuri, vimenye magamba, uvipange vibanane ndani ya kopo la bati lenye mfuniko wa bati. Toboa tundu dogo kwenye mfuniko, kisha lizike kopo kwenye moto wa mkaa. Moshi utatoka kwa nguvu tunduni, halafu utapungua. Ukikoma kabisa, liopoe kopo na uliache lipoe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana wana haraka ya kuona. Ukifungua kopo likiwa bado moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka na unabaki na majivu. Acha mpaka liwe baridi mkononi.

Kwa rangi, nunua amerikani kwa mita. Ikaze kwenye fremu ya mbao ukianzia katikati ya kila upande na kwenda pembeni, upande huu kidogo, upande wa pili kidogo, mpaka ukigonga kwa kidole isikike kama ngoma. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka, paka rangi nyeupe ya maji mara mbili, ukipitisha msasa laini katikati. Tabaka hilo linahitajika kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye rangi huzila nyuzi za kitambaa kisichokingwa. Kwa mazoezi njia hii inafaa sana; kwa kazi unayotaka kuiuza na idumu, tafuta jeso, rangi nyeupe maalumu ya kutayarishia kitambaa.

Jambo la usalama nisiloweza kuliruka: fungua madirisha unapotumia tapentaini au thina, na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike pembeni. Vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Viloweke kwenye maji au viweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko.

Na ukosefu wa vifaa usikuzuie kabisa. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, alipoirudia sanaa baada ya miaka mingi ya ualimu alitengeneza picha zake kwa kubandika vipande vya karatasi za kufungia sabuni na unga. Zikaonyeshwa mbali na kwao. Edward Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa picha unaobeba jina lake, naye alianza na hardibodi na rangi za mafuta za madukani.

Hatua ya 4: Ishi studio

Kozi ya kuchora ya mwaka wa kwanza huwachosha wenye kipaji kuliko wengine. Unaambiwa upime kwa penseli iliyonyooshwa mbele ya jicho, uchore kitu kilekile wiki mbili, ufute, uanze upya. Kubali. Mkono wako unazo tabia ulizozizoea, na zoezi hilo linakupa uwezo wa kuchagua ipi ubaki nayo.

Kaa studio hata saa ambazo si za kipindi. Mengi utajifunza kwa kumtazama mwenzako anavyochanganya kijivu, au anavyoiokoa kazi iliyoharibika.

Kisha kuna kikao cha uhakiki, ambapo kazi zinatundikwa ukutani na kila mtu anasema. Kwa sisi tuliolelewa kutomjibu mkubwa, kikao hiki ni kigumu. Mwalimu akiuliza, darasa zima linatazama chini. Au mtu anasema "kazi nzuri, hongera" na basi. Jiwekee utaratibu huu. Ukizungumzia kazi ya mwenzako, sema kwanza unachokiona, halafu kinavyofanya kazi, mwisho ndipo useme unachokipenda au kukitilia shaka. "Nyekundu hii iko pembeni juu, inanivuta jicho nje ya picha" ni msaada. "Mimi rangi hizi sizipendi" haimsaidii mtu. Ikihakikiwa yako, usianze kwa kujieleza. Nyamaza uandike. Ukieleza mapema, wenzako watajadili maelezo yako na kazi itasahaulika ukutani. Utaona kwamba ustadi huu wa kusema unachokiona ndio uleule utakaouhitaji kwenye historia ya sanaa.

Hatua ya 5: Jifunze kutazama, halafu kuandika

Mihadhara itakupitisha Misri, Ugiriki, Italia ya karne ya 15, Paris ya karne ya 19. Isome yote kwa moyo. Swali la nini kifundishwe katika shule ya sanaa ya Kiafrika limekuwepo tangu mwanzo: Trowell hakutaka wanafunzi wake wafuate mifano ya Ulaya, na alipoondoka mwaka 1958 aliyempokea, Cecil Todd, alileta nadharia ya rangi pamoja na historia ya sanaa ya Ulaya. Mimi nasema jifunze yote mawili, lakini anza kutazama na kile unachoweza kukifikia kwa daladala. Picha kwenye projekta haina ukubwa, haina uzito, haina mgongo.

Chukua Sanamu ya Askari, pale Posta, Dar es Salaam, kwenye kipilefti cha barabara za Samora na Maktaba. Watu wa Dar wanaipita kila siku. Nenda Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, na ufanye hivi.

Saa ya kwanza usiandike kitu wala usisome maandishi. Chora. Izunguke, uichore pande zote nne, dakika kumi kila upande. Ukichora utagundua mambo ambayo macho pekee yangeyaruka: mwili umeelekea mbele, mguu mmoja umetangulia, na bunduki yenye singe inachora mstari mrefu unaoelekea bandarini. Penseli yako itaufuata mstari huo kabla ya kufika usoni. Kumbuka hilo. Angalia pia kimo cha jukwaa: unalazimika kuinua kichwa, na askari hakutazami.

Sasa andika unachokiona, bila hukumu. Kitu gani, cha madini gani, kimesimama juu ya nini. Ni shaba nyeusi. Kwenye jukwaa kuna maandishi ya lugha zaidi ya moja, kwa hati za Kirumi na za Kiarabu. Jiulize yalikusudiwa yasomwe na nani.

Baada ya hapo ndipo uende maktaba. Utakuta kwamba ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwamba mchongaji ni Mwingereza James Alexander Stevenson. Kwamba iliyeyushwa na kumiminwa London, ikaonyeshwa kwanza huko kabla ya kupakiwa melini. Utakuta pia kwamba Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini humu, ya Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji iliondolewa, baadaye ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa kule wakaiangusha mwaka 1968. Mji mmoja, watawala wawili, shaba mbili. Tayari una swali la insha.

Tazama tofauti ya sentensi mbili. Ya kwanza: "Sanamu hii inaonyesha ushujaa wa askari wa Afrika." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kufika Posta. Ya pili: "Mchongaji ameupa mstari wa bunduki nguvu kuliko uso, hivyo mtazamaji anakutana na silaha kabla ya mtu, aliyeenziwa hapa ni askari yeyote, hana jina." Hii ya pili ina kitu kilichoonekana, ina maana iliyotolewa humo, na mtu anaweza kuibishia. Andika sentensi zinazoweza kubishiwa. Mwalimu anayesahihisha insha sitini ataisikia tofauti hiyo kwenye aya ya kwanza.

Kisha linganisha, maana kulinganisha ndicho chombo kikuu cha fani hii. Iweke Sanamu ya Askari kando ya sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala, aliyoitengeneza Gregory Maloba mwaka 1962. Pale kuna mama ambaye mwili wake umefungwafungwa, akimnyanyua mtoto aliyeinua mikono. Ya Dar inakwenda mbele kwa mlalo, ya Kampala inakwenda juu. Moja ni shaba iliyovuka bahari, nyingine ni zege iliyofanyiwa kazi palepale na mchongaji aliyefundwa Makerere na kufundisha hapo. Hapo ulipofika hujanukuu kitabu hata kimoja, na tayari una kurasa mbili.

Endelea hivyo na vilivyo karibu nawe. Uko Zanzibar au Lamu, chora milango: mfaa (ule mti wa katikati ya mlango), kizingiti, maua na minyororo iliyochongwa, na utafute tarehe zilizokatwa kwenye mbao. Uko Dodoma au Singida, fanya mpango wa kwenda Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa. Uko Kenya, nenda Murang'a ukaone michoro ya Elimo Njau kwenye kuta za kanisa kuu, Kristo akiwa katikati ya watu na vilima vya Wakikuyu. Tarehe zitaingia kichwani zenyewe.

Jambo moja la vitendo: kazi nyingi za wasanii wetu hazijaandikwa popote. Ukimpata mzee aliyechonga vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, au aliyepaka rangi na kizazi cha kwanza cha Tingatinga, omba ruhusa, mrekodi, andika jina, tarehe na mahali. Mwamkie vizuri, kaa naye kabla ya kuuliza maswali, na nakala umpelekee. Rekodi yako inaweza kuwa ndiyo pekee iliyopo.

Hatua ya 6: Unganisha pande mbili kwenye mradi wa mwisho

Mwaka wa mwisho utatakiwa kutoa kazi za studio na maandishi yanayoambatana nazo. Kosa la kawaida ni kuchora kwanza, halafu usiku wa mwisho kutafuta nadharia ya kupachika. Anza na swali moja na ulifanyie kazi kwa mikono miwili. Tuseme umevutwa na wapagazi wa Vita Kuu, wale waliobeba mizigo na kufa kwa wingi bila majina yao kuandikwa. Unasoma, unachora, unachonga mbao za kuchapia. Ukikwama kwenye maandishi, rudi kwenye mbao: unauonyeshaje mzigo usio na mbebaji? Ukikwama kwenye mbao, rudi maktaba uone wengine walilitatuaje.

Ntiro ni mfano mzuri wa mtu aliyebeba pande zote. Alisoma Makerere, akaenda shule ya Slade ya London, akaijua Ulaya kwa karibu, na bado akaendelea kuchora migomba, vilima na watu wa kwao kwa namna yake. Picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Mtu huyohuyo alikuja kuwa balozi wa nchi yake London.

Hatua ya 7: Nyumbani, na riziki

Baba atauliza utakula nini. Ni swali la haki, lijibu kwa heshima na kwa mambo halisi: kufundisha, makumbusho, ubunifu wa vitambaa na vitabu, matangazo, mapambo ya majengo, filamu, na kazi zako mwenyewe. Mpeleke mzazi kwenye maonyesho hata mara moja. Kuona kunasaidia kuliko kubishana. Likizo za mafunzo kwa vitendo zitumie kwenye makumbusho au sehemu kama Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, ambako wasanii wana studio zao na utaona jinsi kazi inavyowekewa bei, inavyofungwa na kusafirishwa.

Tangu muhula wa kwanza, nyuma ya kila kazi andika jina lako, jina la kazi, mwaka, vipimo kwa sentimita na vifaa ulivyotumia. Orodha hiyohiyo iwe nayo kwenye daftari, pamoja na picha, na ikiuzwa andika imenunuliwa na nani na kwa kiasi gani. Tanzania, ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu kusajili kazi zako kabla hujamruhusu mtu kuzichapa kwenye fulana au kalenda.